Kizazi cha Gari Hakisomwi Kwenye Namba

Hapa kwetu tuna namna yetu ya kuhesabu vizazi vya magari, na namna hiyo ni mbovu. Ndinga ikipita, hatuulizi imetengenezwa lini. Tunaangalia kibao. Ile namba C, ile namba D, ile pale namba E, mwana kajipata. Ile herufi ya kwanza baada ya tarakimu inakuambia gari limesajiliwa Tanzania zamani au karibuni, basi. Haisemi lilitoka kiwandani mwaka gani. Impreza ya 1999 iliyoshushwa bandarini juzi itavaa E. Impreza ya 2006 iliyoingia nchini kitambo itabaki na C yake mpaka iwe chuma chakavu. Ukizipaki pamoja nje ya kafeteria, mwenye gari la zamani ndiye atakayeitwa bosi. Wauzaji wanalijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana bei inapanda kwa herufi.

Ningeyaacha mambo haya kijiweni kama yasingegusa mfuko wa mtu ninayemtegemea. Nyumbani kwetu ni Zegereni, Kibaha, kule kwenye viwanda. Kaka yangu ni fundi umeme kwenye kiwanda kimojawapo. Zamu ya usiku anatoka kwa bodaboda, anapishana na malori ya mizigo gizani, na mama kila mwezi lazima afike kliniki Tumbi. Ile sehemu ya ada yangu ambayo mkopo haufiki, anaimalizia yeye. Kaweka akiba miaka mitano na sasa anataka gari. Mtu mwingine angenunua IST akalala. Kaka anataka Subaru Impreza, tena yenye turbo, na kaniambia: "Dogo, wewe si ndiyo msomi wetu, nitafutie ipi ni ipi." Kwa hiyo kizazi atakachochagua kitaamua kama mwakani nitafanya mitihani nikiwa na amani au nikiwa na deni la ada.

Moyo wake uko kwa GC8, yaani kizazi cha kwanza, kilichoanza 1992 na kuisha 2000. Simlaumu. Hiyo ndiyo Impreza iliyompa Colin McRae ubingwa wa dunia 1995, na mwaka 1997 akashinda nayo Safari Rally hapo Kenya, kwenye vumbi na matope ya kwetu, si kwenye lami ya Ulaya. Wengi wetu tunaosoma gazeti hili hatukuwepo duniani, lakini picha ya ile gari ya bluu yenye rimu za dhahabu tunaijua. Ni nyepesi, ni ndogo, na usukani wake wanaoujua wanausifia mpaka leo.

Shida ya GC8 siku hizi inaanzia mbali. Marekani gari likitimiza miaka 25 linaruhusiwa kuingia bila masharti yale mazito, na Wamarekani wamezisubiri hizi kwa hamu. Sasa ananunua mkusanyaji wa vitu vya kale, na wewe wa Zegereni mnapigania gari moja kwenye mnada mmoja wa Japani. Ukishinda, unakutana na TRA. Ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, VAT asilimia 18, na juu yake kuna ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka 8, unaokuwa mkali zaidi likipita miaka 10. Kenya wamemaliza ubishi kwa kukataza kabisa gari la zaidi ya miaka 8. Sisi hatukatazi, tunakutoza. Unalipa faini ya uzee wa gari, halafu unapewa namba E ili uonekane una gari jipya. Mimi hiyo biashara inanichekesha.

Kizazi cha pili, GD, ni cha 2000 hadi 2007, na kina sura tatu. Kwanza macho ya mviringo, ambayo watu waliyacheka. Mwishoni mwa 2002 yakaja macho yaliyonyooshwa kidogo, na 2005 yakaja yale makali kama ya mwewe. Ubishi mwingi wa kijiweni ni wa macho haya. Sura haikupi spea. Kinachotakiwa ni kufungua boneti na kusoma kibao cha chesisi. GDA ni WRX. GDB ni STI. Ukikuta GD2 au GD3, hiyo ni ya injini ya cc 1500, haina turbo, hata kama ina bawa nyuma kubwa kama benchi la kanisa na stika za STI pande zote nne. Na GD2 inavutwa na magurudumu ya mbele tu, kama Corolla. Wapo watu mjini wanaotamba na "foo wili" ambayo hawana.

Injini ya WRX ya Japani ni EJ20, aina ya "boxer", pistoni zake zimelala zinatazamana kama mabondia, ndiyo maana gari linakaa chini na halilali kwenye kona. Ujazo wake ni cc 1994. Hizo namba si za mapambo: ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini isiyozidi cc 2000, na asilimia 10 ikizidi. Sita tu chini ya mstari! Ile ya lita 2.5 wanayoitamani baadhi ya jamaa zangu, mstari kaishauruka.

Halafu kuna ule mlio. Kaka anataka mlio, na nusu ya wanaume wa hosteli yetu wanataka mlio. Ule mngurumo wa kukatakata hautoki kwenye nguvu ya injini. Unatokana na mabomba ya ekzosti yenye urefu tofauti, hivyo moshi wa silinda moja unafika ukiwa umechelewa kuliko wa nyingine. Subaru walipotengeneza STI za Japani za macho ya pili, waliweka turbo ya njia mbili na mabomba ya urefu sawa, gari likawa linavuta vizuri zaidi na mlio ukapotea. Kwa hiyo ukikutana na GDB ya Japani inayonguruma kama gari la McRae, kuna mtu kabadilisha kitu. Uliza nani, na kwa nini.

Kizazi cha tatu kilianza 2007, kikaja na mgongo uliokatwa, haina buti la nyuma. STI yake ni GRB. Ni gari zuri, pana, imetulia, milango yake ina fremu za madirisha. Rafiki yangu wa Uhandisi anaisemea kama mke. Ila mashabiki wa mbio wanajua kwamba sura hiyo haikushinda hata raundi moja ya ubingwa wa dunia kabla Subaru haijajitoa Desemba 2008, na kwenye bei bado iko juu kwa mtu wa mshahara wa zamu. Zilizofuata, kuanzia 2014 ambapo WRX ilitengwa na Impreza, tuwaachie waheshimiwa.

Kwa hiyo mimi nasimama na GDA. WRX ya kawaida, si STI, ya 2005 hadi 2007, hata ikiwa na namba C. Hasa ikiwa na namba C, maana imeshakaa nchini, mwenyewe anaweza kuulizwa, na ushuru wake ulilipwa zamani. Gari la C linaonyesha ugonjwa wake hadharani. La E limepakwa rangi jana.

Simuuzii kaka ndoto lakini. Kumiliki Subaru ya turbo kuna vituko vyake, na vingi havipo kwenye tangazo.

Cha kwanza ni matairi, na hapa ndipo vijana wengi wanapoliua gari bila kujua. Sisi tumezoea kununua tairi mtumba moja moja. Leo limepasuka la kulia mbele, unakwenda kwa fundi, unachagua lenye kashata zilizobaki, unaondoka. Kwenye Impreza ya magurudumu manne huwezi. Matairi yote manne lazima yawe saizi moja na yameisha sawasawa, kwa sababu lile lililo dogo kidogo linazunguka zaidi ya wenzake, na kifaa cha katikati kinachogawa nguvu mbele na nyuma kinafanya kazi muda wote mpaka kinaungua. Tairi moja la bei poa linaweza kukuletea bili ya giaboksi.

Mkanda wa taiming nao. Kitabu kinasema ubadilishwe kwenye kilomita laki moja hivi. Dashibodi ya gari la mtumba inakuambia kilomita elfu 80, nani aliapa? Mkanda ukikatika, valvu zinagongana na pistoni na injini imekwisha. Ushauri wangu: ukinunua, usiulize umebadilishwa lini. Badilisha. Weka hiyo hela pembeni kabla hujalipia gari.

Petroli pia. Japani turbo hizi zilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu, ya oktani 100 hivi. Kwetu pampu nyingi zina petroli ya aina moja, unajaza iliyopo. Gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani, linavumilia. Likishaguswa kompyuta na kuongezwa presha ya turbo na kijana wa mtaani ili "litoke moto", basi pistoni ndizo zinazolipa. Kwa hiyo gari lililoongezwa nguvu, hata liuzwe bei ya kutupa, mimi namwambia kaka alipite.

Plagi zenyewe, kwa kuwa injini imelala, zimejificha ubavuni, fundi asiyezoea anatumia nusu siku na anakuchaji kwa hasira. Kibaha mafundi wa Subaru si wengi kama wa Toyota, na anayejifunza anajifunzia kwako.

Na vumbi. Milango ya GC na GD haina fremu juu, kioo kinasimama peke yake kikiegemea mpira. Njia za mitaani kwetu ni za vumbi, malori hayapumziki, na mpira wa miaka 20 umeshakakamaa. Mama atafika Tumbi na kitenge cheupe. Hilo linarekebishika kwa mipira mipya, lakini lirekebishwe kabla, si baada ya mama kusema.

Vingine ni vya kucheka. Redio ya Kijapani inaishia masafa ya 90, stesheni zilizo juu ya hapo huzipati mpaka ufunge kifaa au ubadilishe redio. Ukiwasha gari, mwanamke anakusalimia kwa Kijapani na kukulaumu kwamba hujaweka kadi ya ushuru wa barabara za kwao. Marafiki zangu wanaona ni ufahari. Mimi nadhani siku moja atatuambia injini inaungua na hatutamwelewa.

Wapo wanaoniambia nimezeeka kabla ya wakati. Gari la mbio si la kupigia hesabu, wanasema, ukitaka hesabu panda mwendokasi. Wana hoja. Hakuna anayenunua WRX kwa akili peke yake, na kaka akitaka akili tupu kuna IST. Lakini barabara yenyewe ndiyo hii tunayoijua: kutoka Kimara mpaka Kibaha njia nane, nzuri kweli, halafu vibao vya 50 na trafiki wenye tochi. Elfu thelathini kila ukijisahau. Nguvu farasi 250 za GDA hapo hazina pa kwenda, na 280 za STI hazina pa kwenda zaidi. Raha utakayoipata kila siku ni ile ya gari linalowaka saa nane usiku zamu ikiisha, likakata kona ya kwetu kwenye tope la masika bila kuteleza, likakufikisha. Raha hiyo GDA iliyotunzwa inayo. GC8 iliyochoka haina, hata ikiwa na historia ya Safari nzima mgongoni.

Na kuna jambo ambalo wanaonibishia hawaligusi. Anayekuambia "chukua STI, usiwe muoga" hatakuwepo turbo ikianza kutoa moshi. Atakuwepo kaka, na nyuma ya kaka nitakuwepo mimi na fomu ya kuomba kuongezewa muda wa kulipa ada.

Mpaka sasa kapata mbili. Moja ni GC8 nyeupe, namba E, rangi inang'aa, muuzaji hataki fundi aiguse kabla ya malipo ya awali. Nyingine ni GDA ya 2006, namba C, bluu iliyopauka kwenye paa, mwenyewe ana faili la risiti za oili na ya mkanda wa taiming. Kaka bado anaitazama ile nyeupe kwenye simu usiku. Lakini Jumamosi tunakwenda Tabata kuiona ya bluu, na fundi wetu kaagiza jambo moja: mwenye gari asiiwashe kabla hatujafika, anataka aikute injini ya baridi.