AFYA NYUMBANI: Anayengoja Kupasuliwa Asilazwe Tu

Mwezi huu tuongee juu ya mgonjwa wa kansa aliyepewa tarehe ya kupasuliwa. Hapa kwetu Kizuka habari ikishafika nyumbani tu, mama ananyang'anywa ndoo, jembe, hata ufagio. "Mama, lala, tunza nguvu." Ni upendo huo, lakini nguvu hazitunzwi kwa kulala. Anayelala mchana kutwa misuli inapungua haraka, hasa mzee, na mapafu hayajai hewa sawasawa.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 251 wa kansa ya utumbo mpana, wa Ulaya na Kanada. Kundi moja lilifanya mazoezi wiki 4 kabla ya kupasuliwa, likala vyakula vya kujenga mwili na kusaidiwa kuacha sigara. Waliopata matatizo makubwa baadaye walikuwa kama 17 kwa kila 100. Kwa wenzao, kama 30.

Utasema, eti huko wana mashine. Ni kweli wanazo. Lakini mimi mwalimu nimeguswa zaidi na habari ya Australia na New Zealand, ya mwaka 2018. Watu waliongoja upasuaji mkubwa wa tumbo walipewa kijitabu wote. Nusu yao wakafundishwa pia kwa mdomo, dakika 30 tu: ukizinduka, vuta pumzi ndefu polepole mara 10, pumzika, rudia mara 10, kisha kohoa. Kila saa ukiwa macho. Waliougua mapafu baadaye, kama nimonia, walikuwa 12 kwa 100. Wa kijitabu peke yake, 27!

Basi gazeti hili usimwekee bibi kitandani ukaondoka. Msomee, mwonyeshe, naye afanye ukimwona.

Kutembea kuanze pole pole, mpaka kwa jirani na kurudi, kila siku kuongezwe kidogo. Ahemee, lakini aweze bado kuongea. Ndagala, mayai, maharage ya mgao apewe yeye kwanza (baba, samahani). Sigara aache sasa, asingoje siku ya mwisho. Mwenye maumivu ya kifua, kutokwa damu au upungufu wa damu amuulize muganga kwanza. Na tarehe ya hospitali isisogezwe kwa sababu ya mazoezi.

Ndoo ya lita 20 mnyang'anyeni. Ile ya lita 5, muganga asipokataza, mwachieni.