Elimu ya Kutupa Ree Mbili

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Baada ya sala ya Ijumaa, mmoja wa vijana wa msikiti wetu, msomi na mwenye adabu, alinifuata uani akanitolea hoja ambayo sikuwa nimepata kuisikia. Alikiri kwamba hucheza karata za poka katika mashindano ya intaneti, kwa simu yake, usiku. "Lakini hii si kamari, ustadh," akasema. "Mcheza kamari hawezi kujizuia. Mimi nimejifunza kutupa karata nzuri. Nimewahi kupewa ree mbili nikaziweka chini. Je, huyo ni mcheza kamari, au ni mtu mwenye subira?"

Sikumjibu siku ile. Hoja iliyovaa kanzu ya subira haifukuzwi kwa makemeo. Nilikwenda nikausoma mchezo wenyewe na hesabu zake, na jibu langu naliandika hapa, kwani si yeye peke yake anayelihitaji.

Kwanza nimpe haki yake. Katika mchezo huu kila mtu hugawiwa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa wote, na katika kila hatua mchezaji hutia dau, au huongeza, au hutupa karata zake. Karata bora za kuanzia ni ree mbili, nazo humjia mtu kwa wastani mara moja katika migao 221. Akipambana na mtu mmoja mwenye karata zozote zile, mwenye ree mbili hushinda kiasi cha mara 85 katika 100. Wakimfuata watu wanane hadi mwisho, nafasi yake hushuka hadi kiasi cha mara 35. Ree na mfalme, ambazo mwanagenzi huziona kuwa ni ufunguo wa hazina, zikikutana na jozi ya mbili, jozi hiyo duni kuliko zote, huzidiwa kidogo.

Na kuna mashindano ambayo zawadi yake ni tiketi ya kuingilia mashindano makubwa zaidi. Tuseme tiketi ni 10 na waliobaki ni watu 11. Wa kwanza na wa kumi watapata kitu kile kile. Wewe una sarafu za mchezo za kutosha, na umepewa ree mbili. Mwenye sarafu nyingi kuliko wote anatia zote alizo nazo. Hata akiwa na wafalme wawili utamshinda kiasi cha mara 4 katika 5, lakini mara ya tano utatoka mikono mitupu. Ukinyamaza, yule mnyonge wa meza karibu atatolewa na tiketi itakuwa yako. Hesabu inasema: tupa. Kijana wetu hakudanganya.

Ila alichokieleza ni namna ya kushinda, nasi tulikuwa tukiulizana kinachoshindaniwa ni mali ya nani.

Chukueni mashindano ya watu 100, kila mmoja akilipa dola 11: dola 10 za mezani na dola 1 ya mwenye nyumba. Mezani pana dola 1,000. Watu 15 watagawana, 85 wataondoka bila kitu, na mwenye nyumba amechukua dola zake 100 kabla karata ya kwanza haijagawiwa. Sasa wapeni wote 100 vitabu vyote vya poka, wafundisheni wote kutupa ree mbili. Mezani patakuwa na kiasi gani? Dola 1,000 zile zile. Wangapi wataondoka bila kitu? Themanini na tano wale wale. Elimu ya kilimo ikiwafikia wakulima 100, ghala linajaa. Elimu hii haioteshi hata punje moja. Inaamua tu ni nani atamla nani. Wenyewe wana jina la mchezaji dhaifu: humwita samaki. Tunaoishi pwani tunajua samaki hufanywa nini.

Kwa hiyo ustadi ambao kijana anautanguliza kama utetezi mimi nauona kuwa ni ushahidi dhidi yake. Mjinga aketiye mezani amejidhulumu nafsi yake. Mjuzi anaketi akijua kwamba chakula chake kitatoka kwa huyo mjinga, na amejifunza subira ili amngoje vizuri. Paka naye husubiri mbele ya tundu la panya.

Ndugu zangu, maisiri iliyotajwa katika Suratul Baqara aya ya 219, na kisha kukatazwa katika Suratul Maida aya ya 90 na ya 91, haikuwa mchezo wa wahuni wa vichochoroni. Wafasiri wanaeleza kwamba Waarabu wa zama za Jahiliya walichinja ngamia, wakapiga kura kwa mishale kumi: saba ina mafungu, mitatu haina kitu, na waliotokewa na mishale mitupu ndio waliolipa. Nyama yake wengi waliwapa maskini, wakaona fahari kwa hilo. Yaani ilikuwa kamari yenye manufaa yanayoonekana kwa macho, na Qur'an haikukana kwamba ina manufaa. Pamoja na hayo ikakatazwa. Kama ile iliyolisha maskini haikusalimika, itasalimika vipi hii inayomlisha mwenye programu aliye ng'ambo? Na amri yenyewe katika Suratul Maida ni kujiepusha. Haikuagizwa kucheza kwa uangalifu.

Atasema: mbona Mtume (s.a.w.) aliruhusu zawadi katika mbio za ngamia na farasi na katika kulenga mishale? Aliruhusu, na wanazuoni wamefafanua kwamba hayo ni maandalizi ya kuulinda umma. Kutupa karata hakumlindi mtu yeyote. (Ama kucheza karata bila fedha, huo ni mjadala mwingine, na leo siuingii.)

Hoja ya ustadi imewahi kufika hata mahakamani huko Marekani. Mwaka 2012 Jaji Jack Weinstein wa New York aliamua kwamba katika poka ustadi huizidi bahati. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu yake, ikieleza kwamba sheria iliyotumika haikudai bahati ndiyo itawale mchezo. Sheria yetu nayo haikudai.

Na huo ustadi ni mkubwa kiasi gani? Januari 2017, katika jiji la Pittsburgh, programu ya kompyuta iitwayo Libratus ilicheza na mabingwa wanne kwa siku 20, migao 120,000, ikawashinda. Migao yote hiyo ilihitajika ili bahati isije ikadhaniwa kuwa ni ujuzi. Kijana wetu hucheza migao mingapi kwa usiku mmoja? Na huko gizani anajuaje kwamba anayemtilia dau ni mwanadamu?

Wanaotetea mchezo huu hupenda kumtaja Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee ambaye mwaka 2003 aliingia kwa tiketi ya intaneti ya dola 86 akatoka Las Vegas na dola milioni 2.5. Kweli tupu. Ila walioshindana mwaka ule walikuwa 839. Mwaka 2004 wakawa 2,576, na mwaka 2006 wakafika 8,773. Jina la aliyeshinda lilizunguka dunia nzima. Ya wale waliobaki nani anayajua? Na tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilipowashtaki wakuu wa kampuni kubwa za poka ya intaneti, watu wengi walijikuta hawawezi kutoa fedha zao. Septemba ya mwaka huo serikali ilidai kwamba Full Tilt Poker ilikuwa ikidaiwa na wachezaji takriban dola milioni 390, hali benki ilikuwa na takriban milioni 60. Miongoni mwao walikuwemo waliotupa ree mbili kwa hekima kubwa.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu aliyemwambia tu mwenzake waje wacheze kamari ameelekezwa atoe sadaka, kwa neno hilo peke yake. Nilipomuuliza kijana wetu ni nani mwingine anayecheza nyumbani kwao, alitazama chini, kisha akasema kwamba mdogo wake amemwomba amfundishe.

Nimemwomba aje Ijumaa ijayo na orodha yote ya miamala iliyomo katika simu yake: kila tiketi aliyoinunua tangu siku ya kwanza, si zile alizoshinda tu. Tutaijumlisha pamoja, yeye na mimi, na mdogo wake akiwa amekaa nasi.