Sinema za Shule na Watoto Wasioona

Siku hizi shule nyingi, hata baadhi ya zile za vijijini, zimepata vyombo vya kuonyeshea filamu, na walimu wafurahi, kwa kuwa filamu ya robo saa huweza kufundisha jambo lililozishinda chaki na ubao. Hatuna ugomvi na filamu. Ugomvi wetu ni juu ya mtoto asiyeona, ambaye huketishwa chumbani humo pamoja na wenzake, kisha akahesabiwa kuwa naye amefundishwa.

Wako wanaotujibu kwamba mtoto huyu anayo masikio, basi na asikilize. Jibu hilo lafanana na jibu la akili mpaka ulipime. Na tutoe mfano wa filamu ya maisha ya mbu, somo ambalo kila mtu wa nchi zenye malaria yampasa kulijua. Sauti yasema, "Tazameni tofauti ya hawa wawili." Muziki wapigwa. Kisha sauti yarudi, "Sasa mmekwisha kumjua adui yenu." Wenye macho wamekwisha kuona ya kuwa kiluwiluwi cha Anofelesi, mbu aletaye malaria, hulala sambamba na uso wa maji, na kile cha Kuleksi huning'inia kichwa chini. Wameona pia ya kuwa Anofelesi aliyekomaa, atuapo ukutani, huinua sehemu yake ya nyuma, hali mwenzake hukaa sambamba na ukuta. Somo lote limepita wakati wa muziki, na asiyeona amepata muziki.

Dawa yake yajulikana, nayo huitwa maelezo ya sauti. Pale ambapo wasemaji wa filamu wamenyamaza, huingia msemaji mwingine akataja kwa maneno machache kile kinachoonekana: ni nani ameingia, ameshika nini, maji yamegeuka rangi gani. Hamwambii msikilizaji kuwa mtu fulani amekasirika. Hutaja uso uliokunjamana na ngumi iliyofumbwa, na msikilizaji huamua mwenyewe. Kazi hii si ngeni. Mwaka 1981 Margaret Rockwell, mama ambaye mwenyewe alikuwa amepoteza uwezo wa kuona, pamoja na Cody Pfanstiehl, waliianzisha katika jumba la michezo la Arena Stage mjini Washington, Marekani. Mwaka 1990 kituo cha televisheni cha WGBH cha mjini Boston kikaanza kuitoa katika vipindi vyake. Yaani watu waliokwenda kustarehe jioni walihudumiwa miaka zaidi ya 40 iliyopita, na mtoto wa shule, ambaye kesho ataulizwa habari za mbu katika mtihani, bado aambiwa asikilize!

Wakristo hatuna udhuru wa kusema hatujapata kusikia jambo kama hili. Katika Luka mlango wa 18, yule kipofu wa njia ya Yeriko alisikia makutano wakipita, akauliza kuna nini, wakamwambia ni nani apitaye. Ndipo akapaza sauti. Kama wale wa kando yake wangalimwambia kwamba anayo masikio, Bwana angalipita zake.

Wengine husema rafiki yake atamnong'oneza. Sisi tuliokaa madarasani twajua mwisho wake: rafiki akosa nusu ya somo, na mwalimu awakaripia wote wawili kwa kupiga soga.

Lakini anayedhulumiwa kuliko wote ni yule mwenye kuona kwa shida. Kipofu, watu wamemjua. Huyu aja shuleni peke yake, hana fimbo, na kila mtu adhani aona. Kwenye filamu huona mwanga na vivuli tu. Wenzake wakicheka, naye hucheka, akichelewa kidogo. Mwalimu akisema, "Ukitoa hiki ukakiweka hapa, wapata hiki," yeye hutikisa kichwa kwa kuona haya, na mwisho wa mwaka huandikwa kuwa ni mvivu.

Zilipofungwa shule mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya Korona, watoto wa Kenya na Tanzania waliambiwa wafuate masomo kwa redio na televisheni. Redio hutungwa kwa ajili ya masikio, televisheni sivyo. Na serikali zote mbili zilikuwa zimekwisha kuukubali Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, ambao kifungu chake cha 24 chahusu elimu.

Ati hakuna fedha. Mwalimu kusema "pembe ya kushoto, juu" badala ya "hapa" ni kwa shilingi ngapi? Kuitazama filamu siku moja kabla, kuandika sentensi kumi za mambo yasiyotajwa, na kusimamisha chombo ili kuzisoma, kwahitaji karatasi moja na jioni moja. Wenye macho nao watafaidika, maana wengi hutazama wasione. Na kamati za shule, mletewapo filamu za kununua, ulizeni kwanza kama maelezo ya sauti yamo. Yasipokuwamo, mwuzaji na arudi nazo alikotoka.