Tarehe 9 Desemba: majina yao ni yapi?

Ndugu watumikaji, na ninyi bamama wa makambi, leo ni tarehe 9 Desemba. Hapa Lubumbashi watu wanaenda kazi, wanaenda soko, sawa vile siku zote. Lakini mwaka 1941, wakati muji ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville, siku kama hii damu ilimwangika katika kiwanja cha mupira.

Ilikuwa wakati wa vita. Ubelgiji ulikuwa mikononi mwa Wajerumani, na shaba yetu ilitakiwa sana na wale waliopigana nao. Kazi ikaongezeka, bei ya vitu ikapanda, mushahara ukabaki paka mudogo. Wazee wetu wa Union Minière wakasema: basi, imetosha. Wakasimamisha kazi, wakakusanyika kiwanjani. Léonard Mpoyi, karani, ndiye alisimama mbele kusema juu yao. Gavana Maron alifika na askari. Aliwaamuru warudie kazi, wakakatala. Mpoyi alipigwa risasi pale pale, kisha askari wakafyatulia watu.

Walikufa wangapi? Vitabu havisikilizani: kimoja kinaandika 48, kingine 60, kingine kinapitisha 100. Na majina? La Mpoyi tunalo. Wengine ni hesabu tu, na hesabu yenyewe watu wanaibishania. Kila mumoja alikuwa na mama, pengine bibi na watoto waliokuwa wanangoja poso nyumbani.

Muchoraji wetu Tshibumba Kanda Matulu alichora mauaji yale katika miaka ya 1970. Ni vizuri. Lakini ukiuliza leo mutoto anayemaliza sekondari, mara nyingi atakuangalia tu. (Na sisi wakubwa, tulimwambia lini?) Mutu mweusi hakuwa na ruhusa ya kuunda sendika mupaka mwaka 1946. Wale wa kiwanjani hawakuwa na kadi, hawakuwa na delege wa kuwatetea. Walikuwa na Mpoyi.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Kama babu yako alikuwa pale, ao nyanya yako alisimulia juu ya mutu asiyerudia nyumbani siku ile, peleka jina kwa delege wako: jina, kijiji alikotoka, kazi aliyofanya. Hata kama hauna karatasi, tutaandika vile unavyosema. Tufanye mbio, juu wazee waliozaliwa mbele ya mwaka ule wamebaki wachache sana.