Kingamwili Ndani ya Yai

Kuna usemi unaorudiwa sana kwetu: utafiti wa protini ni anasa ya matajiri, sisi tushughulike kwanza na maji na vyoo. Naupinga usemi huo, na naupinga nikiwa mkazi wa Buterere, kaskazini mwa Bujumbura, penye mabwawa ya kusafishia majitaka ya jiji. Thamani ya maji safi hatuhitaji kufundishwa. Lakini maji safi hayamponyi aliyekwisha kuugua.

Tazameni kichocho cha tumbo, ugonjwa wa siku nyingi katika uwanda wa Rusizi. Mayai ya minyoo hunasa ndani ya ini, na mwili huyazungushia kolajeni, protini ileile inayoshikilia ngozi na mifupa. Kolajeni ikizidi, ini hujaa makovu, njia za damu hubanwa, na mgonjwa huweza kufikia kutapika damu. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini makovu yaliyokomaa huweza kubaki.

Kolajeni haiwi imara bila kimeng'enya kiitwacho prolili hidroksilesi. Hicho nacho huhitaji vitamini C, ndiyo maana anayeikosa hupata kiseyeye. Ili kukiona katika kipande cha ini, mtafiti hutumia kingamwili inayokinasa, kisha rangi huonyesha seli zinazoendelea kufuma kovu. Kingamwili ya namna hiyo huagizwa ng'ambo kwa dola mia kadhaa, nayo ni matone machache tu yanayotakiwa kutunzwa kwenye baridi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Nasema tuitengeneze wenyewe. Kuku akichomwa sindano yenye kipande cha kimeng'enya hicho cha binadamu, kingamwili hutoka katika damu yake na kuingia kwenye kiini cha yai. Yai moja huwa na makumi ya miligramu za kingamwili, ingawa sehemu ndogo tu ndiyo inayolenga kimeng'enya chenyewe. Tena kuku ana faida kumshinda sungura: yuko mbali nasi kwa ukoo, hivyo mwili wake hukitambua kwa urahisi zaidi kimeng'enya chetu kuwa kigeni.

Mtasema za kuku wetu hazitaaminika. Je, za dukani? Mwaka 2015, wanasayansi zaidi ya 100 walilalamika katika jarida la Nature kwamba kingamwili nyingi zinazouzwa ni mbovu. Kila kingamwili sharti ipimwe, iwe ya Marekani au ya Buterere.

Banda, kuku kumi, mashine ya kutenganishia kiini, na friji isiyotegemea umeme wa mtaani: tuanzie hapo. Chuo kinachoandika jina la kimeng'enya ubaoni kila mwaka bila mwanafunzi kukiona hata mara moja kinafundisha kukariri, na kukariri hakujawahi kumponya mtu ini.