Maji yanayozunguka chini ya barafu

Barafu ya Bahari ya Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, haiyeyushwi na jua peke yake. Mita mia kadhaa chini yake kuna maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki. Yana chumvi nyingi, ni mazito, hivyo hayapandi juu kirahisi.

Humo baharini kuna mizunguko ya maji, kama uji unaokorogwa, yenye upana wa kilomita 10 hivi. Husafirisha joto na chumvi kutoka pembezoni hadi katikati.

Tatizo ni kuihesabu. Setilaiti hazioni chini ya barafu, na mifumo mingi ya kompyuta hugawa bahari katika miraba mikubwa kuliko mizunguko hiyo. Hiyo ni sababu mojawapo ya sisi kutotaja mwaka mmoja tunaposema barafu hiyo itatoweka lini wakati wa kiangazi.