TWENDE JINJA, MTO HAUNGOJI MTU

Wiki hii mapenzi tuyaweke kando, tufunge mabegi.

Wengi wetu tukisikia kupunga upepo tunawaza ufukweni tu: mishkaki, soda, kisha nyumbani kulala. Siyo mbaya, lakini dunia ni pana jamani! Leo nakupeleka Jinja, Uganda, kama kilomita 80 kutoka Kampala. Hapo ndipo Ziwa Victoria linapotoa maji kuanza Mto Nile. Yaani maji yale yale wanayoogea watoto wa Mwanza, mlango wake wa kutokea ni huo, halafu safari ndefu mpaka Misri na baharini.

Mzungu mmoja, Speke, alifika hapo 1862, eti kagundua! Wakati Wasoga walikuwa wakivua samaki hapo enzi na enzi.

Ukifika, kodi mtumbwi ukaone chanzo. Pembeni kuna sanamu ya Gandhi, maana sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo 1948. Kisha tembea kwa miguu katikati ya mji uone maghorofa ya zamani ya Wahindi, ambao Idi Amin aliwafukuza nchini 1972. Njaa ikiuma agiza rolex. Siyo saa, ni chapati iliyoviringishwa na mayai!

Wenye roho ngumu wanapanda boti la mpira kushuka na maji makali. Vaa jaketi la kuokolea, na ubishoo uache nchi kavu.

Sasa nisikilize vizuri. Ukiulizia maporomoko ya Ripon aliyoyaona Speke, hayapo. Yalizama baada ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954. Bujagali, mahali ambapo Wasoga wanaheshimu mzimu wao, nako kulizama 2011. Watu walibishana sana kama mzimu unaweza kuhamishwa kama mpangaji! Mwaka 2019 likazinduliwa bwawa la Isimba, na mawimbi mengine yakamezwa.

Simo kwenye kundi la wanaolaani umeme. Nani anapenda kupiga pasi ya mkaa? Hospitali zinauhitaji, viwanda vinauhitaji. Ila tusidanganyane kwamba umeme huo ni wa bure. Kijana anayeishi kwa kuvusha wageni kwenye mawimbi, kila bwawa likijaa anasogea chini zaidi, na mto wenyewe una mwisho. Na bibi aliyezoea kwenda kuomba kwenye maporomoko, yeye asogee wapi?

Kwa hiyo ukienda usiishie kupiga picha. Mkalishe mzee mmoja wa pale, mnunulie chai, muulize: hapa palikuwaje ulipokuwa mdogo? Maana maporomoko yakishazama, yanabaki kwenye midomo ya wazee tu. Na wazee nao hawangoji.

Haya, anza kudunduliza nauli. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!